Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wachezaji, Makocha na Mameneja Waliodumu Katika Klabu za Soka za Dar es Salaam

Ubishi kuhusu nani ni mkongwe wa kweli wa klabu hauishi vijiweni, kuanzia Kariakoo hadi Mbagala, na mara nyingi wabishani hawakubaliani kwa sababu kila mmoja ana kipimo chake. Majibu yaliyo hapa chini yamejikita zaidi katika Simba, Yanga na Azam, ambazo ndizo zinazoulizwa zaidi, ingawa klabu nyingine za jiji zimetajwa pale zinapohusika.

Mchezaji anahesabiwa kuwa amedumu baada ya muda gani?

Hakuna kanuni ya Shirikisho la Soka Tanzania inayotaja muda huo, kwa hiyo kila mwandishi hujiwekea kipimo. Hapa tumechukua misimu mitano mfululizo ya ligi katika klabu moja kwa mchezaji, na misimu miwili kamili kwa kocha mkuu. Tofauti hiyo si upendeleo. Mchezaji aliyekaa misimu miwili tu ndiyo kwanza anaanza kuzoeleka, ilhali kocha mkuu wa Simba au Yanga aliyemaliza misimu miwili bila kufukuzwa amewapita wengi waliomtangulia katika kiti hicho.

Tunahesabu misimu badala ya miaka kwa sababu kalenda ya ligi yetu imebadilika zaidi ya mara moja tangu ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965. Zamani bingwa alitajwa kwa mwaka mmoja, kama vile 1977, na leo anatajwa kwa miaka miwili, kama vile 2020/21. Anayehesabu miaka ya kalenda hujikuta amemwongezea mchezaji mwaka ambao hakuucheza.

Je, miaka ya Sunderland inahesabiwa kuwa ya Simba?

Ndiyo. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1936 ni ileile, na jina la Simba lilichukuliwa mwaka 1971, hivyo mchezaji aliyeitumikia kabla na baada ya mwaka huo hana sababu ya kukatiwa hesabu. Ubingwa wa 1965 na 1966 ulioandikwa kwa jina la Sunderland nao ni wa Simba.

Suala la Pan African ni tofauti. Klabu hiyo ilizaliwa katika mgogoro uliowagawa Yanga katikati ya miaka ya 1970, ikasajiliwa peke yake, ikasimama kwa miguu yake na kutwaa ubingwa wa ligi mwaka 1982. Waliotoka Jangwani, yaani Yanga, kwenda huko walihama klabu, hata kama mioyo ya baadhi yao ilibaki nyuma, na misimu yao ya Pan African haiwezi kuandikwa kwenye daftari la Yanga.

Nani anaweza kutajwa kama mfano wa mchezaji aliyedumu katika klabu moja?

Kwa Yanga, jina linalotajwa na wengi ni la Nadir Haroub, aliyepewa jina la Cannavaro, beki wa kati aliyetokea Zanzibar na kuitumikia klabu hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, akivaa kitambaa cha unahodha kwa sehemu kubwa ya muda huo hadi alipotundika daluga mwaka 2018. Aliwaona makocha wengi wakija na kuondoka, na alipostaafu hakwenda mbali, kwani alikabidhiwa kazi ya umeneja wa timu. Mwanzoni mwa mwaka 2016 aliacha kuichezea timu ya taifa, Taifa Stars, baada ya unahodha kupewa Mbwana Samatta, na uamuzi huo ulizua maneno mengi wakati ule, lakini katika klabu yake aliendelea kama kawaida.

Kwa Azam, mfano unaokaribiana naye ni Aggrey Morris, naye Mzanzibari na naye beki wa kati, aliyekaa Chamazi, yalipo makao ya Azam, kwa zaidi ya mwongo mmoja. Si jambo la ajabu kwamba wote wawili ni mabeki wa kati. Nafasi hiyo haihitaji kasi kama ya winga, uzoefu humwongezea beki thamani badala ya kumpunguzia, na kocha mgeni anapoingia hupenda kuanza na ukuta anaoukuta umeshasimama. Makipa nao hunufaika kwa sababu hizohizo, lakini kipa mmoja tu ndiye anayecheza, na anayekaa benchi misimu miwili huanza kutafuta mahali pengine.

Kwa nini wachezaji wengi mahiri hawamalizii soka lao katika klabu iliyowakuza?

Sababu ya kwanza ni mkataba. Kanuni za FIFA zinataka mkataba wa mchezaji usizidi miaka 5, na wa aliye chini ya miaka 18 usizidi miaka 3, na mchezaji anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine mkataba wake unapobakiza miezi 6 au chini ya hapo. Klabu zetu kwa kawaida husaini mikataba mifupi kuliko ukomo huo. Maana yake ni kwamba mchezaji aliyekaa miaka kumi Msimbazi, yaani Simba, au Jangwani amekaa mezani kujadili mkataba mara nne au tano, na kila mara kulikuwa na uwezekano wa kushindwana.

Sababu ya pili ni dau la usajili, ambalo katika soka letu lina uzito kuliko mshahara. Mchezaji anayeongeza mkataba na klabu yake hulipwa dau, lakini anayevuka barabara kwenda kwa mtani, yaani kutoka Simba kwenda Yanga au kinyume chake, huongezewa juu yake bei ya ushindani wenyewe, yaani fedha ambayo klabu inatoa si kwa ajili ya miguu yake pekee bali pia kwa ajili ya kuwaumiza wapinzani. Mtu mwenye familia, anayejua kwamba goti likipasuka kesho hakuna atakayemkumbuka, ni vigumu kumlaumu akichagua fedha hiyo.

Sababu ya tatu ni klabu zenyewe. John Bocco alikuwa na Azam tangu ilipokuwa bado chini, akapanda nayo Ligi Kuu mwaka 2008, akawa mfungaji bora wa ligi msimu wa 2011/12 kwa mabao 19, akachukua nayo ubingwa wa 2013/14, na kuwa nahodha. Mwaka 2017 aliondoka kwenda Simba. Katika dirisha hilohilo la usajili Simba iliwachukua pia kipa Aishi Manula, beki Shomari Kapombe na kiraka Erasto Nyoni, wote kutoka Azam. Klabu iliyojenga kikosi kwa uvumilivu wa karibu miaka kumi iliachia uti wa mgongo wake kwa kiangazi kimoja, na mwaka uliofuata Himid Mao, kijana aliyekulia mikononi mwake, naye akaenda Misri. Kwa maoni ya mwandishi, hilo ndilo kosa kubwa zaidi la usajili lililofanywa na klabu ya Dar es Salaam katika miaka hiyo, na Azam haijatwaa tena ubingwa wa ligi tangu ule wa kwanza.

Mchezaji aliyecheza Simba na Yanga ahesabiwe mkongwe wa nani?

Wa pale alipokaa misimu inayotimiza kipimo, na kama ametimiza kote basi ni wa kote, hata kama jibu hili halimfurahishi mtu yeyote.

Juma Kaseja ni mfano mzuri. Alikuwa langoni Simba ilipoing'oa Zamalek kwa penalti jijini Cairo mwaka 2003, akapita Yanga, akarudi Msimbazi akawa nahodha, na tarehe 6 Mei 2012 Simba ilipoifunga Yanga mabao 5-0 alifunga moja ya mabao hayo kwa penalti, jambo ambalo makipa wachache duniani wanaweza kulisimulia kuhusu mechi ya watani. Mwaka uliofuata alikuwa Yanga tena. Hata hivyo, ukihesabu misimu, Kaseja ni mtu wa Simba bila ubishi.

Jonas Mkude alipandishwa kutoka timu ya vijana ya Simba, akaitumikia klabu kwa zaidi ya mwongo mmoja, kisha mwaka 2023 akatambulishwa Yanga. Mohamed Hussein, maarufu kama Tshabalala, alijiunga na Simba akitokea Kagera Sugar mwaka 2014, akafika kuwa nahodha, na mwaka 2025 naye akavuka kwenda Jangwani. Kuhama kwao hakufuti misimu waliyoitumikia Simba. Shabiki ana haki ya kununa, lakini mtunza kumbukumbu hana haki hiyo.

Upo pia mkondo wa baba na mwana ambao watu husahau kuutaja. Salum Abubakar, anayeitwa Sure Boy, alidumu Azam tangu ujana wake kabla ya kwenda Yanga, klabu ambayo baba yake, aliyebeba jina hilohilo la utani, aliichezea.

Kwa nini makocha wakuu hawadumu?

Simba na Yanga ni klabu za wanachama, na hata baada ya mabadiliko ya mifumo ya uendeshaji, ambayo wanachama wa Simba waliyaridhia mwaka 2017 na wa Yanga mwaka 2021, hali ya uongozi bado inategemea sana matokeo ya wiki. Kiongozi aliyeingia kwa kura anafahamu kwamba sare mbili mfululizo zinatosha kuanzisha minong'ono, na njia ya haraka ya kuonyesha kuwa anachukua hatua ni kumwondoa kocha, kwa sababu kuvunja mkataba wa mtu mmoja ni rahisi kuliko kuvunja mikataba ya wachezaji ishirini na zaidi. Mechi ya watani huongeza petroli. Kocha anaweza kuongoza ligi kwa pointi nyingi na bado akaondoka kwa sababu ya kipigo kimoja cha Kariakoo au kutolewa mapema katika mashindano ya Afrika.

Mfano wa kushangaza zaidi si wa Simba wala Yanga. Azam ilitwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mchezo hata mmoja, na bado msimu huo uliongozwa na makocha wawili: Mwingereza Stewart Hall aliuanza, akaondoka katikati, na Mcameruni Joseph Omog akaumalizia. Omog mwenyewe aliondolewa mwanzoni mwa mwaka 2015 baada ya timu kutolewa na El Merreikh ya Sudan katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Aliyerejeshwa baadaye mwaka huo ni Hall, na ndiye aliyeipa Azam Kombe la Kagame la 2015. Klabu inayomilikiwa na kampuni, isiyo na uchaguzi wa wanachama, ilifanya yaleyale. Kwa hiyo wale wanaosema tatizo lote ni siasa za wanachama wana nusu ya jibu.

Ni kocha gani amekaa muda mrefu katika miaka ya karibuni?

Nasreddine Nabi alifika Yanga Aprili 2021 na kuondoka kwa hiari yake Juni 2023, akiwa ametwaa ubingwa wa 2021/22 na 2022/23 na kuifikisha timu fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ambayo USM Alger ya Algeria ilishinda kwa faida ya mabao ya ugenini. Miaka miwili na ushei ndiyo inayoitwa muda mrefu kwetu. Kabla yake, Hans van der Pluijm kutoka Uholanzi alitwaa na Yanga ubingwa wa 2014/15 na 2015/16. Kwa Simba, Mzambia Patrick Phiri alikuwa na namna yake ya kudumu, kwani aliondoka na kurudishwa zaidi ya mara moja, na msimu wa 2009/10 aliipa ubingwa bila kufungwa.

Je, kubadilisha makocha mara kwa mara kunaiharibu timu?

Historia ya karibuni inatoa jibu linalowaudhi wanaopenda uvumilivu. Simba ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Msimu wa kwanza ulianza na Omog, yuleyule aliyewahi kuifundisha Azam, na kumalizika na Mfaransa Pierre Lechantre, wa pili ulikuwa wa Mbelgiji Patrick Aussems, wa tatu Aussems aliuanza na Mbelgiji mwenzake Sven Vandenbroeck akaumaliza, na wa nne Vandenbroeck aliuanza na Mfaransa Didier Gomes akaumaliza. Yanga ilipojibu kwa ubingwa mara nne mfululizo kutoka 2021/22, msimu wa nne, yaani 2024/25, nao ulipitia mikononi mwa makocha watatu: Miguel Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi.

Lakini tazama walioingia uwanjani. Katika misimu yote minne ya Simba, Manula, Kapombe, Tshabalala, Nyoni, Mkude na Bocco walikuwa klabuni. Kocha mpya alipofika klabuni aliwakuta watu sita waliokwisha kujuana, wanaojua mwamuzi gani hapendi kusemeshwa, uwanja gani wa mkoani una kichuguu upande wa kaskazini, na namna ya kumtuliza kijana aliyezomewa na watu elfu sitini Uwanja wa Benjamin Mkapa. Klabu iliweza kumudu anasa ya kufukuza makocha kwa sababu ilikuwa imetunza wachezaji. Inapofukuza kocha na kuacha nusu ya kikosi katika dirisha moja, hapo ndipo huanza moja, na msimu uliofuata hupotea mapema.

Meneja wa timu anafanya kazi gani, na anatofautianaje na kocha mkuu?

Swali hili huulizwa sana na vijana wanaofuatilia ligi ya Uingereza, ambako meneja ndiye anayepanga kikosi. Kwetu kazi hiyo ni ya kocha mkuu. Meneja wa timu hushughulikia safari, hoteli, chakula, leseni za wachezaji zinazokaguliwa kabla ya mchezo, vikao vya maandalizi na waamuzi, ruhusa za wachezaji wenye misiba au wagonjwa nyumbani, na nidhamu ya kambi. Ni kazi isiyoonekana hadi ikosewe: mchezaji mwenye kadi tatu za njano akipangwa kwa sababu hakuna aliyehesabu, klabu inaweza kupokwa pointi.

Kwa kuwa kazi hiyo haihusiani na matokeo moja kwa moja, wenye kuifanya hudumu kuliko makocha. Ndiyo maana pia hupewa wachezaji wa zamani kama Nadir Haroub, ambao wanaheshimiwa kambini na hawahitaji kuelekezwa mlango wa kila ofisi. Mtunza vifaa na daktari wa timu nao wamo katika kundi hili, na katika klabu nyingi mtunza vifaa ndiye mwenye kumbukumbu ndefu kuliko wote, ijapokuwa hakuna anayemhoji.

Wachezaji wa zamani wanaokaa benchi la ufundi wahesabiweje?

Wahesabiwe mara mbili, kila nafasi kwa kipimo chake, kwa sababu hao ndio wanaoshikilia klabu wakati wageni wanapopishana. Selemani Matola alikuwa nahodha wa Simba ile iliyoitoa Zamalek chini ya kocha Mkenya James Siang'a, na tangu alipoteuliwa kocha msaidizi mwishoni mwa mwaka 2019 amefanya kazi chini ya makocha wakuu kadhaa, mara nyingine akiachiwa timu kwa muda hadi mwingine apatikane. Upande wa Yanga, Charles Boniface Mkwasa alicheza, akafundisha, akawa katibu mkuu wa klabu, kisha akarudi kuishika timu kwa muda Mwinyi Zahera alipoondolewa mwaka 2019. Fred Felix Minziro na Shadrack Nsajigwa nao walitoka uwanjani na kukaa benchi la klabu hiyohiyo.

Mkubwa wao katika historia ni Abdallah Kibadeni. Tarehe 19 Julai 1977 alifunga mabao matatu katika ushindi wa Simba wa 6-0 dhidi ya Yanga. Mwaka 1993 alikuwa kocha wa Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka suluhu ugenini na Stella Abidjan ya Ivory Coast, kisha ikafungwa 2-0 hapa nyumbani mbele ya umati uliokwisha kuandaa sherehe. Mtu mmoja kuwa sehemu ya furaha kubwa na huzuni kubwa ya klabu ileile, akiwa katika nafasi mbili tofauti, ni aina ya utumishi ambayo hesabu ya misimu peke yake haiwezi kuieleza, na ndiyo maana tunashauri kila orodha iwe na safu ya maelezo.

Je, wachezaji wa kigeni hudumu?

Wachache. Haruna Niyonzima kutoka Rwanda alicheza Yanga kuanzia 2011 hadi 2017, akapita Simba, akarudi Yanga na kuagwa kwa heshima mwaka 2021, jambo ambalo wazawa wengi hawakufanyiwa.

Klabu za wanawake zipimwe kwa kipimo kilekile?

Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens wakawa mabingwa wa kwanza, na Simba Queens na JKT Queens zikafuata kupokezana taji. Tunatumia kipimo kilekile cha misimu mitano, lakini tunahesabu pia misimu ambayo mchezaji aliitumikia klabu kabla ya ligi kuwapo, mradi kuna ushahidi.

Kwa nini wachezaji wa timu za majeshi huonekana kukaa miaka mingi zaidi?

Kwa sababu wengi wao ni waajiriwa. Mchezaji wa JKT Tanzania au Transit Camp aliyeajiriwa jeshini ana mshahara na pensheni visivyotegemea mabao, na akimaliza soka anaendelea na utumishi wake. Usalama huo una bei yake, maana kuhamia klabu ya uraiani si jambo la kuamua peke yako. KMC, inayomilikiwa na Manispaa ya Kinondoni na iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2018/19, ina sura ya taasisi ya umma lakini husajili kwa mikataba kama klabu nyingine.

Tuna timu ya mtaa na tungependa kuandika historia ya waliodumu. Tuanzie wapi?

Anzeni na karatasi kabla ya wazee. Chama cha soka cha wilaya, kiwe cha Ilala, Temeke au Kinondoni, hupokea fomu za usajili kila msimu, na nakala yake inapaswa kuwa kwa katibu wa klabu, ambaye pengine ni katibu mstaafu anayeitunza chini ya kitanda. Fomu hiyo inataja jina kamili, na hilo ni muhimu kwa sababu majina ya utani ya uwanjani hurithiwa, na mnaweza kumpa mtu mmoja misimu ya watu watatu.

Baada ya hapo tumieni picha za kikosi. Geuzeni kila picha muone kama kuna tarehe ya studio nyuma, tambueni jezi na uwanja, kisha ndipo mwende kwa mzee mkiwa na picha mkononi, mmwombe ataje waliosimama kutoka kushoto kwenda kulia. Msimuulize alicheza miaka mingapi. Mwulizeni alianza kocha akiwa nani na aliacha kocha akiwa nani, kwa sababu watu husahau miaka lakini hawamsahau kocha aliyewaweka benchi. Majibu ya wazee wawili yakipingana, andikeni yote mawili kwa majina yao, na mkae na karatasi hiyo hadi fomu ya msimu husika ipatikane.